Mwani Mwekundu Ulioganda Mezani Pangu

Stima ilipotea saa moja na dakika kumi asubuhi, nikiwa nimekwisha kutia damu ya kondoo katika chupa ya agari, ile jeli ya kuoteshea bakteria, na bado sijamimina hata kisahani kimoja. Yeyote aliyewahi kufanya kazi ya maabara mjini Kisumu anajua kinachofuata. Beseni la maji ya moto linaloishikilia chupa kwenye nyuzi 50 linaanza kupoa, jenereta inajivuta kama mzee aliyeamshwa usingizini, nawe unabaki kuipapasa chupa kwa kiganja ukikadiria dakika zilizosalia. Agari haina huruma katika jambo hili. Haizidi kuwa nzito kidogo kidogo kama uji unaopoa. Hubaki maji hadi ikaribie nyuzi 36, kisha huganda karibu yote kwa pamoja. Jenereta ilipokohoa na taa zikarudi, nilikuwa na nusu lita ya kitu chekundu kilichokwama chupani. Kukiyeyusha upya kungenilazimu kukipandisha hadi karibu nyuzi 90, na damu iliyofikia joto hilo hugeuka kahawia. Iko agari ya namna hiyo, tunaiita ya chokoleti, nayo ina kazi zake, lakini sampuli zilizokuwa zimepangwa mezani asubuhi ile zilihitaji damu mbichi.

Mwanafunzi wa mazoezi aliyekuwa pamoja nami, kijana mwenye maswali mengi kuliko umri wake, aliichukua ile chupa akaipindua juu chini, akaitikisa, na hakikudondoka kitu.

“Madam, kwani hii agari hutoka wapi?”

“Baharini.”

“Baharini wapi?”

“Kwenye mwani.”

“Mwani gani, Madam?”

Hapo nikanyamaza, kisha nikamtuma akalete chupa nyingine. Nilikuwa na miaka kumi na mmoja katika kazi hii. Nilikuwa nimemimina visahani kwa maelfu, na jambo pekee nililojua kuhusu asili ya unga ule mweupe ni kwamba ulifika kwa katoni, ukiwa ndani ya kopo la plastiki lenye tarehe ya kuharibika.

Nieleze kwanza kazi yenyewe, kwa sababu bila kuiona, sifa za mwani huu zitabaki maneno matupu. Tunapima unga, takriban gramu 15 za agari kwa kila lita ya maji pamoja na chakula cha bakteria, tunauchemsha, kisha tunauingiza katika otoklevu, ambayo ni sufuria ya mvuke wenye shinikizo, kwa nyuzi 121 na dakika 15, ili kuua kila kilicho hai. Ikitoka humo tunaiacha ipoe hadi mtu aweze kuigusisha chupa shavuni bila kuruka, tunaitia damu ikihitajika, na tunamimina. Kisahani kimoja huchukua mililita 20 hivi. Kikishaganda hupinduliwa ili matone ya mvuke yasidondokee juu ya uso wake. Baadaye sampuli ya mgonjwa hupandwa juu yake kwa kitanzi cha waya, mistari kwa mistari kama matuta ya shamba, na kisahani hulala usiku kucha ndani ya inkubeta, kabati la joto lisilobadilika, kwenye nyuzi 37. Asubuhi unakuta vimelea vimeota: vya waridi kwenye agari ya MacConkey ikiwa ni E. koli, visivyo na rangi ikiwa huenda ni vile vya homa ya matumbo, na vya manjano kwenye agari ya kijani tunayoitumia kutafuta kipindupindu, ugonjwa ambao kando ya ziwa hili si mgeni.

Tazama kinachotakiwa hapo. Kitu hicho lazima kibaki maji wakati tunakimimina kikiwa na joto la kuvumilika mkononi, kibaki kigumu kwenye joto la mwili wa binadamu, kipitishe mwanga, kishike maji bila kuyavuja, na kisiliwe na bakteria wanaolala juu yake. Vitu vyenye sifa hizo zote kwa pamoja ni vichache mno. Jelatini, ambayo hupikwa kutokana na ngozi na mifupa ya wanyama, huanza kulainika hata kabla ya nyuzi 30. Kisumu alasiri ya Februari, kisahani cha jelatini kingeyeyuka mezani kabla hata hujakifikisha kwenye inkubeta, na bakteria wengi wangekimaliza kwa kukila.

Tatizo hilohilo ndilo lililomsumbua daktari Mjerumani Walther Hesse mwaka 1881, alipokuwa akifanya kazi katika maabara ya Robert Koch mjini Berlin. Alikuwa akichunguza vijiumbe vya hewani, na jelatini yake ikawa inayeyuka kwa joto la kiangazi. Aliyeitatua shida hiyo ni mkewe, Fanny Hesse, aliyezaliwa New York mwaka 1850, ambaye alikuwa akimsaidia mumewe maabarani na kumchorea picha za vimelea. Mumewe alimuuliza kwa nini jeli na vitamutamu vyake vya jikoni haviyeyuki hata siku za joto kali. Akamjibu kwamba anatumia agari, jambo alilofundishwa utotoni na majirani Waholanzi waliowahi kuishi Java. Kutoka jikoni ikaingia maabarani. Mwaka 1882 Koch alipotangaza kugundua bakteria wa kifua kikuu aliitaja agari, ila hakutaja aliyeileta. Miaka mitano baadaye msaidizi wake, Julius Richard Petri, alieleza kuhusu kisahani chenye kifuniko, na leo kila mwanafunzi wa maabara nchini Kenya hulijua jina la Petri kabla hajamaliza muhula wa kwanza. La Fanny Hesse mimi nililisikia baada ya miaka kumi na mmoja kazini. Sina la kuongeza, ila kwamba sahani imepewa jina na kilichomo ndani ya sahani hakikupewa.

Jina agari lenyewe ni la Kimalei, nao Wamalei husema agar-agar, wakirudufisha kama sisi tunavyosema polepole na sawasawa. Ila ufundi wa kuikausha ni wa Japani. Inasimuliwa kwamba katika karne ya 17 mwenye nyumba ya wageni aitwaye Mino Tarozaemon aliyatupa nje mabaki ya jeli ya mwani usiku wa baridi. Jeli ikaganda barafu usiku, mchana ikayeyuka na kutoa maji yake, na baada ya siku kadhaa akaokota kitu kikavu chepesi ambacho kilipochemshwa kilirudi kuwa jeli safi kuliko ya kwanza. Barafu huyasukuma maji nje pamoja na uchafu ulioyeyuka ndani yake, na baadhi ya viwanda bado vinafanya hivyo hivyo kwa mashine. Kisumu ugunduzi huo usingetokea kamwe. Hapa jeli iliyotupwa nje usiku asubuhi huwa imeshaliwa na siafu.

Sasa nimfikie huyo aliyesababisha ninyamaze mbele ya mwanafunzi. Agari ya maabara hutokana zaidi na mwani mwekundu wa jenasi ya Gelidium, na spishi inayovunwa kwa wingi upande wa Atlantiki huitwa Gelidium corneum. Makao yake ni miamba ya pwani za Moroko, Ureno, Uhispania na kusini magharibi mwa Ufaransa. Huota pale ambapo mawimbi hupiga kwa nguvu, kuanzia karibu na mstari wa maji kupwa hadi kina cha mita kadhaa chini yake. Hauna mizizi inayonyonya chochote. Una vikucha vidogo vya kushikilia jiwe tu, na kutoka hapo hutambaa na kuinua matawi membamba, magumu kidogo kama unyoya wa ndege uliochanika, yanayofikia sentimita 30 hivi kwa urefu. Rangi yake ni nyekundu ya zambarau iliyokolea. Rangi hiyo ina sababu: mwanga mwekundu hufifia upesi majini, ilhali ule wa kijani na wa buluu hupenya chini zaidi, na mwani huu una kitu kiitwacho fikoerithrini kinachoudaka mwanga huo wa chini na kuupeleka kwenye kazi ya kutengeneza chakula. Ukitupwa ufukweni na kupigwa na jua na mvua, rangi hutoka, na mwani hugeuka manjano na hatimaye mweupe, kama shuka iliyoanikwa mara nyingi.

Agari yenyewe iko ndani ya kuta za seli zake, na hapo ndipo niliposimama kwa muda mrefu nilipokuwa nikisoma usiku. Sifa zile tunazozidai maabarani ndizo zinazomsaidia mwani kuishi. Mwamba unapopigwa na wimbi, mmea mgumu kama kuni ungevunjika, na mmea laini kama mchicha ungechanika. Ukuta wa seli uliojaa jeli hupinda, hunyumbuka, kisha hurudi. Maji yanapokupwa na mwani ukabaki juani, jeli hiyo huyashikilia maji yasikauke upesi. Na viumbe vinavyoweza kuimeng'enya agari ni vichache, vingi vyavyo vikiwa bakteria wa baharini waliouzoea mwani, kwa hiyo vimelea vinavyotoka tumboni au kifuani mwa mgonjwa wa Kisumu vinapoilalia havijui pa kuanzia. Kumbe kila kisahani nilichokuwa nikikipanga ndani ya inkubeta kilikuwa ukuta wa kiumbe uliojengwa kwa ajili ya kukaa juu ya jiwe.

Uzazi wake nao si wa kawaida. Mwani mwekundu hauna, katika hatua yoyote ya maisha yake, seli yenye mkia wa kuogelea. Mbegu ya kiume haiwezi kwenda popote kwa nguvu zake. Huachiliwa tu ichukuliwe na maji hadi ikutane na nywele nyembamba ya mwani wa kike. Labda kwa sababu ya udhaifu huo, maisha yake yana awamu tatu badala ya mbili. Yai moja likitungishwa, hukuzwa palepale juu ya mama na kuwa kitu kidogo chenye kutoa mbegu nyingi, ili bahati moja isiishie kwenye mtoto mmoja. Mbegu hizo huota mwani mwingine, unaofanana na wa kwanza hata mtaalamu asiutofautishe bila hadubini, nao huo hutoa mbegu zake nne nne zinazorudisha wale wa kiume na wa kike. Mwaka 2022 watafiti walionyesha kwamba kwa jamaa mmoja wa mwani huu, Gracilaria gracilis, wapo wanyama wadogo wa majini wanaobeba mbegu za kiume miilini mwao kutoka mwani hadi mwani, kama nyuki. Lakini Gelidium mara nyingi husambaa kwa kutambaa tu juu ya mwamba wake. Hukua polepole, na majaribio ya kuulima kwa faida hayajafaulu kama yalivyofaulu kwa mwani mwingine.

Hilo la kutolimika si dogo. Lina maana kwamba agari ninayoimimina huku ziwani bado ni kitu cha porini, kinachong'olewa au kukatwa na wapiga mbizi, ama kukusanywa ufukweni baada ya dhoruba kukitupa. Wakati wa Vita vya Pili vya Dunia, Japani ilipoacha kuiuza kwa maadui zake, nchi kama Uingereza na New Zealand zililazimika kukagua miamba yao zikitafuta mwani mbadala. Na mwaka 2015, baada ya Moroko kupunguza kiasi cha kuvuna ili kuinusuru miamba iliyokuwa imevunwa kupita kiasi, bei ilipanda duniani kote. Mwani wa Gracilaria, unaolimika, nao hutoa agari, na hiyo ndiyo inayotumika zaidi katika vyakula. Kwa maabara, hata hivyo, ya Gelidium ndiyo inayopendelewa, kwa kuwa huganda kwenye joto la chini zaidi, hivyo damu na vimelea vinaweza kuchanganywa humo bila kuungua.

Nikikiri kosa langu moja, mtu ataelewa kwa nini sasa naupima unga huo kwa adabu. Mwaka ule wa uhaba nilijaribu kubana matumizi kwa kumimina visahani vyembamba. Kipimo cha kutambua dawa ipi itamsaidia mgonjwa hufanywa kwa kuweka vidonge vya karatasi vyenye dawa juu ya agari iliyopandwa bakteria. Dawa husambaa ndani ya agari, na siku ya pili tunapima kwa rula upana wa duara lisiloota kitu. Kina cha agari kinatakiwa kiwe milimita 4. Ikiwa nyembamba, dawa husambaa kwa upana zaidi kuliko inavyostahili, duara huwa kubwa, na bakteria sugu anaweza kuonekana dhaifu. Bahati nzuri tulikuwa tumepanda pia bakteria wa marejeo, ambaye upana wa duara lake unajulikana, naye akatoa duara kubwa kupita mpaka unaoruhusiwa. Nikarudia kazi ya siku nzima. Laiti majibu yale yangetoka, mgonjwa fulani angepewa dawa isiyomfaa kwa sababu ya milimita moja na nusu ya mwani niliyoihurumia.

Na hiyo fikoerithrini niliyoitaja, ile rangi nyekundu, nayo nilikuwa nimeishika mikononi bila kuijua. Tangu mwaka 1982, rangi za mwani zimetumika kuzitia alama seli, kwa sababu fikoerithrini ikimulikwa hung'aa kwa nguvu. Wakati nilipoanza kazi, eneo hili la Nyanza lilikuwa na foleni ndefu za kupimwa seli za CD4, zile seli za kinga ya mwili, na mgonjwa hakuanzishiwa dawa za UKIMWI mpaka hesabu yake ishuke chini ya kiwango kilichowekwa: 200 zamani, baadaye 350, kisha 500, hadi mwaka 2015 Shirika la Afya Duniani liliposhauri kila mwenye virusi aanze dawa bila kusubiri hesabu. Katika vipimo vingi vya aina hiyo, alama iliyoing'arisha seli ya CD4 ndani ya mashine ilikuwa fikoerithrini. Watu waliokaa kwenye viti vile vya mbao wakingoja namba waliamuliwa, kwa sehemu, na rangi ambayo mwani huitumia kudaka mwanga chini ya maji. Nilipoisoma habari hiyo nilifunga simu, nikatoka nje.

Desemba iliyofuata nilipanda basi la usiku hadi Mombasa, zaidi ya kilomita 800, nikavuka Likoni na kuteremka Kwale hadi Kibuyuni, kwa kuwa nilisikia kina mama wa huko hulima mwani. Nilifika wakati wa bamvua, maji yamekupwa mbali kabisa. Mama mmoja aliyekuwa amejifunga leso kiunoni alikuwa akifunga vipande vya mwani kwenye kamba iliyotandazwa kati ya vigingi viwili, kwa mkono mwepesi kama wa msusi. Nikamwamkia shikamoo, akanijibu marahaba, nikamweleza shida yangu. Alicheka.

“Huu wetu si huo, mwanangu. Huu ni wa kuuza ng'ambo, watia kwenye dawa ya meno. Huo usemao wewe ni wa mwambani, hatuupandi. Huota wenyewe.”

Alikuwa sahihi kuliko vitabu vyangu. Mwani unaolimwa Kibuyuni, kama ule wa Zanzibar, hutoa karaginani, ambayo ni jamaa ya agari lakini si agari. Akaninyooshea kidole kuelekea kwenye miamba ya matumbawe. Gelidium corneum haupo kwetu, lakini binamu yake wa bahari za joto, Gelidiella acerosa, ambao India huvunwa kwa ajili ya agari, huota katika pwani yetu. Niliinama juani karibu saa nzima. Nilioukuta ulikuwa mfupi, mgumu kama waya, wa rangi kati ya kahawia na zambarau, wenye vitawi pande mbili kama mifupa ya omena. Nilijaribu kuung'oa mmoja kwa vidole ukagoma, nikauacha. Nilichukua konzi mbili za ule uliokuwa umeshatupwa na mawimbi, nikauanika kwenye kibaraza cha nyumba ya wageni.

Nyumbani Migosi, mama yangu aliufungua mfuko, akanusa, akaniuliza kama nimesafiri hadi Mombasa kuleta magugu ilhali ziwa limejaa gugumaji la bure. Sikubishana naye. Niliuosha kwa maji baridi hadi mchanga ukaisha, nikauchemsha kwa saa mbili hivi huku nikiukoroga, jikoni pakinuka kama soko la samaki la Dunga alasiri, nikauchuja kwa leso kuukuu. Yaliyotoka yalikuwa maji ya rangi ya chai ya rangi, yenye utelezi, yasiyo na dalili ya kuwa chochote. Niliyatia ndani ya chupa ya maabara, nikaifunga kifuniko na kulala.

Asubuhi nilikwenda nayo kazini na kuiweka kwenye inkubeta ya zamani tusiyoitumia kwa wagonjwa, nyuzi 37, kuanzia saa mbili hadi saa kumi. Kisha nikamwita mwanafunzi wangu, ambaye alikuwa amebakiza wiki moja amalize mazoezi yake. Nikampa chupa bila kumwambia kitu. Aliiangalia ile rangi ya chai, akanitazama, akaipindua juu chini, akaitikisa.

Hakikudondoka kitu.